Upimaji wa Kitakwimu wa Upigaji wa Pamoja wa Seli za Neva: Ufafanuzi kwa Mifano ya Misafara ya Tabora na Samaki wa Mto Malagarasi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna watafiti wa ubongo wanavyopima iwapo seli mbili za neva hupiga kwa pamoja kuliko inavyotarajiwa kwa sadfa. Hoja kuu ni kwamba idadi ya mipigo iliyokutana haina maana yoyote hadi mtafiti aeleze waziwazi anachokiita sadfa, na katika kipimo gani cha muda. Hoja hiyo inajengwa kwa mifano miwili kutoka magharibi mwa Tanzania: misafara ya karne ya 19 iliyokutana Tabora, na samaki wenye umeme hafifu wanaoishi katika mfumo wa Mto Malagarasi. Makala yanahitimisha kwa kuonesha mambo ambayo kipimo cha kitakwimu kinaweza kuthibitisha na yale ambayo hakiwezi.

1.0 Utangulizi

Seli za neva huwasiliana kwa mipigo mifupi ya umeme. Kila mpigo hudumu kwa takribani milisekunde moja, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde, na mipigo ya seli moja hufanana mno kwa ukubwa. Kwa sababu hiyo, habari inayobebwa na seli haimo katika ukubwa wa mpigo. Imo katika wakati: mipigo mingapi imetoka, na imetoka lini. Edgar Adrian, aliyeshirikiana na Charles Sherrington kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932, ni miongoni mwa waliodhihirisha jambo hili kwa kurekodi neva mojamoja.

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi. Je, ubongo hutumia kasi ya upigaji peke yake, au pia hutumia ulinganifu wa nyakati kati ya seli na seli? Mwaka 1989 Charles Gray, Wolf Singer na wenzao walichapisha matokeo kutoka sehemu ya ubongo wa paka inayohusika na kuona. Walionesha kuwa makundi ya seli yaliyo mbalimbali yanaweza kupiga kwa mdundo mmoja, hasa pale yanapochochewa na umbo moja. Kutokana na hayo ilitolewa rai kwamba upigaji wa pamoja ndio unaoyaunganisha maumbo tunayoyaona yawe kitu kimoja. Rai hiyo ilipata watetezi na wapinzani. Mwaka 1999 Michael Shadlen na Anthony Movshon waliikosoa kwa kina, na sehemu ya mjadala ilihusu ushahidi wenyewe: ni wakati gani mtafiti ana haki ya kusema kuwa seli mbili zimepiga pamoja?

Swali hili lina uzito hata nje ya maabara. Kifafa, ugonjwa unaowasumbua watu wengi nchini Tanzania na uliochunguzwa huko Mahenge tangu enzi za daktari Louise Jilek-Aall, hufafanuliwa na wataalamu kuwa ni hali inayoambatana na utendaji wa seli za neva uliopita kiasi au uliolingana kwa wakati isivyo kawaida. Vilevile, katika ugonjwa wa Parkinson, seli za sehemu za ndani za ubongo huonesha ulinganifu uliozidi. Mtafiti anayekosea kuhesabu ulinganifu anaweza kuupata mahali usipokuwepo, na tiba inayojengwa juu ya kosa hilo ikapotea njia tangu mwanzo.

2.0 Sadfa ni Nini? Mfano wa Misafara ya Tabora

Tabora, ambayo wasafiri wengi wa karne ya 19 waliijua kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu kutoka Bagamoyo iliingia hapo, kisha ikagawanyika: tawi moja lilielekea magharibi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, na jingine lilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh Novemba 1857 kabla ya kuendelea hadi Ujiji.

Ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, kuwa kuna daftari la mwaka mmoja wenye siku 360. Daftari hilo linaonesha kuwa misafara ya Ujiji iliingia Tabora katika siku 36, na ya Karagwe katika siku 36 vilevile. Siku 7 kati ya hizo, misafara ya njia zote mbili iliingia kwa pamoja. Je, viongozi wa misafara walikuwa na mapatano?

Hesabu ya haraka inasema ndiyo. Uwezekano wa msafara wa Ujiji kuingia siku yoyote ni 36 kwa 360, yaani 0.1, na wa Karagwe ni huohuo. Kama njia hizi mbili hazihusiani, uwezekano wa misafara kukutana siku moja ni 0.1 mara 0.1, yaani 0.01. Kwa siku 360, mikutano inayotarajiwa ni 3.6 tu. Kupata mikutano 7 ni karibu mara mbili ya matarajio.

Hata hivyo, anayeijua Tabora hatakubali hesabu hiyo. Mvua za huko hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo njia zilijaa maji na matope, na wapagazi wengi wa Kinyamwezi walipendelea kuwa nyumbani wakilima. Safari zilishamiri wakati wa kiangazi. Iwapo misafara yote ya daftari iliingia katika siku 180 za kiangazi, uwezekano wa kila njia katika siku hizo ni 36 kwa 180, yaani 0.2. Mikutano inayotarajiwa sasa ni 180 mara 0.04, yaani 7.2. Mikutano 7 iliyoonekana haina ajabu yoyote. Kiangazi kiliwaleta wote, na hapakuhitajika barua wala mapatano.

Misimu si sababu pekee ya namna hii. Vita vilivyoanza mwaka 1871 kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora viliifunga njia ya kawaida ya Ujiji, hata Henry Stanley akalazimika kuzunguka upande wa kusini. Vita kama hivyo vinaweza kupunguza safari za njia kadhaa kwa wakati mmoja, na kupungua kwa pamoja nako huonekana katika hesabu kama uhusiano.

Mfano huu unabainisha aina mbili za kukutana. Ya kwanza inatokana na mabadiliko ya polepole yanayozigusa pande zote, kama kiangazi au vita. Ya pili ni ya siku mahususi, kama vile viongozi wawili kupatana waingie mjini Ijumaa moja. Daftari halisemi lenyewe kuwa ni ipi. Mtafiti ndiye anayepaswa kuunda dhana ya sadfa inayoruhusu aina ya kwanza na kuikataa ya pili.

3.0 Kutoka Siku hadi Milisekunde

Hesabu ya seli za neva hufuata mantiki ileile, ila siku hugeuka kuwa vipande vya milisekunde chache. Msingi wake uliwekwa mwaka 1967 na Donald Perkel, George Gerstein na George Moore, waliofafanua mipigo ya neva kama mfululizo wa matukio katika wakati. Walipendekeza grafu inayoonesha, kwa kila mpigo wa seli ya kwanza, mipigo ya seli ya pili imetokea muda gani kabla au baada yake. Grafu hiyo huitwa korelogramu. Kilele chembamba kwenye sifuri huashiria kwamba seli zimepiga pamoja, na kilele kilichosogea pembeni huashiria kwamba moja hufuata nyingine baada ya muda maalumu.

Ichukuliwe kuwa seli A hupiga wastani wa mara 20 kwa sekunde na seli B mara 30, na zimerekodiwa kwa sekunde 100. Muda huo ukigawanywa katika vipande vya milisekunde 5, hupatikana vipande 20,000. Uwezekano wa A kupiga katika kipande kimoja ni 0.1, na wa B ni 0.15. Mikutano inayotarajiwa kwa sadfa ni 20,000 mara 0.015, yaani 300. Kiwango cha kawaida cha kupanda na kushuka kwa idadi hiyo, ambacho wanatakwimu hukiita mkengeuko sanifu, ni takribani 17. Mtafiti akihesabu mikutano 378, amevuka matarajio kwa zaidi ya mikengeuko minne. Kwa vigezo vya kawaida vya kitakwimu, angetangaza ugunduzi.

Lakini huenda mnyama alikuwa macho nusu ya kwanza ya muda na kusinzia nusu ya pili. Katika nusu ya kwanza A ilipiga mara 30 kwa sekunde na B mara 45. Katika nusu ya pili A ilipiga mara 10 na B mara 15. Wastani wa jumla ni uleule, 20 na 30. Matarajio ya nusu ya kwanza ni vipande 10,000 mara 0.15 mara 0.225, yaani 337.5. Ya nusu ya pili ni 10,000 mara 0.05 mara 0.075, yaani 37.5. Jumla ni 375. Mikutano 378 iliyoonekana kuwa ugunduzi ni kiangazi cha Tabora kilichorudi katika umbo jingine.

Carlos Brody alilieleza tatizo hili mwaka 1999. Alionesha kuwa mabadiliko ya pamoja ya kasi au ya uchangamfu wa seli, yanayotofautiana kutoka jaribio moja hadi jingine, yanaweza kuzaa kilele katika korelogramu hata kama seli hazina ulinganifu wowote wa karibu. Onyo lake lilihusu hasa mbinu iliyozoeleka ya kuchanganya majaribio, ambapo mipigo ya A katika jaribio moja hulinganishwa na ya B katika jaribio jingine. Mbinu hiyo huondoa athari ya kichocheo kinachojirudia kwa namna ileile kila mara. Haiondoi athari ya siku ambayo mnyama amechangamka na siku ambayo amechoka.

4.0 Mbinu ya Mtikiso

Njia mojawapo ya kuepuka mtego huu ni kutikisa mipigo. Muda wa rekodi hugawanywa katika madirisha, kwa mfano ya milisekunde 50. Ndani ya kila dirisha, kila mpigo wa seli A hupelekwa mahali papya panapochaguliwa kwa bahati nasibu, bila kutoka nje ya dirisha lake. Mipigo ya B huachwa kama ilivyo. Kisha mikutano huhesabiwa upya. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi, tuseme 999, na idadi halisi ya mikutano hulinganishwa na idadi hizo 999.

Uzuri wa mbinu hii uko katika kile inachokihifadhi. Idadi ya mipigo katika kila dirisha haibadiliki, hivyo mabadiliko yote ya polepole kuliko milisekunde 50 hubaki karibu kama yalivyo: usingizi, uchangamfu na uchovu. Kinachovurugwa ni mpangilio wa ndani ya dirisha peke yake. Ni sawa na kulichukua daftari la Tabora na kuhamisha siku ya kuingia ya kila msafara ndani ya juma lilelile. Kiangazi kinabaki kiangazi, lakini mapatano ya kukutana Ijumaa yanavunjika. Iwapo mikutano halisi bado inazidi ile ya daftari zilizotikiswa, msimu hauwezi tena kuwa maelezo.

Matokeo hupimwa kwa urahisi. Ikiwa mitikiso 12 kati ya 999 imetoa mikutano sawa na ya kweli au zaidi, thamani ya uwezekano ni 13 kwa 1,000, yaani 0.013. Rekodi ya kweli huhesabiwa pamoja na mitikiso kwa sababu, chini ya dhana ya sadfa, nayo ni mojawapo tu ya mipangilio iliyoweza kutokea.

Mbinu hii ina mipaka yake. Seli ya neva ikishapiga huhitaji muda mfupi wa kupumzika kabla ya kuweza kupiga tena. Mtikiso holela unaweza kuweka mipigo miwili karibu mno, jambo ambalo seli halisi haliwezi. Aidha, seli nyingine hupiga kwa mafungu ya mipigo mitatu au minne mfululizo, na kuyavunja mafungu hayo hubadili matarajio ya mikutano. Matthew Harrison na Stuart Geman walipendekeza mwaka 2009 aina ya mtikiso inayohifadhi mifumo hiyo ya karibu.

Upana wa dirisha nao ni sehemu ya swali lenyewe. Dirisha la milisekunde 50 huuliza iwapo kuna ulinganifu wa chini ya milisekunde 50, na dirisha la milisekunde 10 huuliza swali jingine. Mtafiti anayejaribu madirisha mengi kisha kuripoti lile lililompa jibu alilolitaka, amefanya hesabu nyingi na kuonesha moja.

Hatari hiyo huongezeka seli zinapokuwa nyingi. Seli 100 zinaunda jozi 4,950. Kwa kigezo cha 0.05, jozi zipatazo 248 zitaonekana kuwa na ulinganifu hata kama hakuna jozi yoyote yenye ulinganifu wa kweli. Ndiyo maana marekebisho ya vipimo vingi, kama yale ya Yoav Benjamini na Yosef Hochberg ya mwaka 1995, ni sehemu ya lazima ya kazi.

5.0 Samaki wa Malagarasi: Mipigo Inayosikika

Misafara husaidia kuelewa mantiki, lakini magharibi mwa Tanzania pana viumbe ambao mipigo yao yenyewe inaweza kurekodiwa bila kufungua fuvu. Mto Ugalla, unaopita katika Mkoa wa Tabora, huungana na Malagarasi, ambao humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Katika mito hiyo wanaishi samaki wa jamaa ya Mormyridae, inayopatikana Afrika pekee. Baadhi yao wana mdomo mrefu, na wavuvi katika sehemu kadhaa za Tanzania huwaita domodomo.

Samaki hawa wana ogani ya umeme karibu na mkia. Hutoa mipigo hafifu, isiyoweza kumdhuru mvuvi, na huitumia kutambua vitu gizani na kuwasiliana. Hans Lissmann ndiye aliyefungua uwanja huu aliporipoti mwaka 1951 umeme hafifu wa Gymnarchus, samaki mwingine wa Afrika mwenye ukaribu na jamaa hii. Kwa domodomo na ndugu zake, kila mpigo wa ogani huamrishwa na kundi dogo la seli lililo kwenye shina la ubongo: amri moja, mpigo mmoja. Kwa hiyo waya mbili majini, zikiunganishwa na kikuza sauti na kipaza sauti, humwezesha mtu kusikia mfululizo wa amri za ubongo.

Samaki wawili wakiwekwa pamoja, hupatikana mifululizo miwili ya mipigo, na swali la seli A na seli B hurudi lilivyo. Mtego wa kiangazi nao hurudi. Samaki hawa ni wa usiku, na huongeza kasi ya mipigo wanaposhtuliwa. Giza likiingia, au mtu akigonga tangi, wote wawili huongeza kasi kwa pamoja, na mikutano ya mipigo huzidi bila yeyote kumjibu mwenzake.

Lakini pamoja na hilo kuna jibu la kweli. Tafiti za miaka ya 1970 juu ya Gnathonemus petersii, samaki wa jamaa hiyohiyo, zilionesha kuwa samaki anaweza kupiga takribani milisekunde 12 baada ya mpigo wa mwenzake, kana kwamba ni mwangwi. Katika korelogramu, athari ya giza hutoa mwinuko mpana unaoenea kwa sekunde nyingi. Mwangwi hutoa kilele chembamba kilichosimama kwenye milisekunde 12. Mtikiso wa madirisha ya milisekunde 50 huuacha ule mwinuko na kukifuta kilele, na tofauti kati ya rekodi halisi na zile zilizotikiswa ndiyo ushahidi wa mwangwi.

Samaki hufundisha jambo jingine lililo na nguvu kuliko hesabu yoyote. Mtafiti anaweza kumwondoa samaki mmoja na kucheza mipigo ya bandia katika nyakati zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Nyakati hizo hazifuati giza, uchovu wala mishtuko ya tangi. Samaki aliyebaki akiendelea kupiga milisekunde 12 baada ya mipigo hiyo, hakuna sababu ya pamoja inayoweza kusingiziwa. Mtikiso hufanya bahati nasibu baada ya tukio. Jaribio la namna hii huiweka bahati nasibu ndani ya tukio lenyewe.

6.0 Kipimo Kinathibitisha Nini?

Kukataa dhana ya sadfa si sawa na kuthibitisha kuwa seli mbili zimeunganishwa. Kinachothibitishwa ni kwamba kuna ulinganifu wa karibu kuliko dirisha lililochaguliwa. Huenda A na B hazigusani kabisa, ila zote hupokea amri kutoka seli ya tatu. Kwa lugha ya misafara, huenda mkubwa mmoja wa Tabora aliwatuma wajumbe katika njia zote mbili kuita misafara siku moja, na viongozi wa misafara hiyo hawakuwahi kuonana.

Vilevile, kushindwa kuikataa dhana ya sadfa si ushahidi kuwa ulinganifu haupo. Seli zinazopiga mara 2 tu kwa sekunde, zikirekodiwa kwa sekunde 100 katika vipande vya milisekunde 5, hutarajiwa kukutana mara 2 pekee. Kwa idadi ndogo kiasi hicho, hata ulinganifu wa kweli unaweza kupita bila kuonekana.

Vifaa navyo husema uongo. Kelele ya umeme inayoingia katika waya zote kwa pamoja huzaa mikutano ya uongo kwenye sifuri. Kinyume chake, seli mbili zinaporekodiwa kwa waya mmoja, mipigo iliyokutana hulaliana na programu hushindwa kuitenganisha, hivyo mikutano ya kweli hupotea. Hakuna mtikiso unaoweza kurekebisha data iliyoharibika kabla ya kuhesabiwa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kuwa kupima upigaji wa pamoja ni kazi ya kulinganisha ulimwengu uliorekodiwa na ulimwengu ambao ungekuwepo kama seli zingekutana kwa sadfa. Ulimwengu huo wa pili haupatikani katika data. Huundwa na mtafiti, kwa kuamua ni mabadiliko gani yahifadhiwe na ni mpangilio gani uvurugwe. Akiunda ulimwengu usio na misimu, kila kiangazi kitaonekana kuwa mapatano.

Kwa mwanafunzi anayeanza utafiti wa aina hii, inafaa aandike mambo manne kabla ya kuhesabu mkutano wa kwanza: kipimo cha muda anachokichunguza, sababu za polepole zinazoweza kuzigusa seli zote, mbinu itakayozihifadhi sababu hizo, na idadi ya vipimo atakavyofanya. Pale jaribio lenye bahati nasibu linapowezekana, kama ilivyo kwa samaki wenye umeme, na lifanyike. Yaliyoandikwa kabla ya kuhesabu ndiyo yatakayomwonesha msomaji iwapo ulinganifu ulioripotiwa ulitoka katika seli zenyewe au katika jinsi zilivyohesabiwa.